Mito ya Uvira na Somo Lililochelewa Kufika Mtoni

Tarehe 26 Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walishuka Uvira kutoka kwenye mitumbwi iliyowaleta kutoka Ujiji. Uvira ilikuwa soko kubwa la kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Watu walifika hapo kununua nafaka, pembe za ndovu, vyombo vya chuma na nguo za magome ya miti, na pia watumwa. Wageni hao hawakuja kwa biashara. Walitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia ziwani, kwa sababu kama ungekuwa unatoka, wangeweza kudai kwamba wamepata chanzo cha Nile. Wana watatu wa chifu Maruta wakawaambia waziwazi kwamba Ruzizi unaingia. Burton alivunjika moyo, na ubishi ukaendelea Ulaya kwa miaka mingine 13, hadi Novemba 1871, wasafiri Livingstone na Stanley walipofika mdomoni mwa mto huo na kuona kwa macho yao kile ambacho wenyeji walikuwa wamekisema tangu mwanzo.

Watu wa pwani hii, basi, walijua maji yanaelekea wapi kabla mgeni yeyote hajaja kuwauliza. Ujuzi huo ndio unaopaswa kuwa msingi wa kila juhudi ya kupunguza uchafu katika mito ya Uvira. Kwa muda mrefu wataalamu waliandika habari za maji haya bila kuzungumza na wanaoishi kandokando yake, na watawala waliamuru bila kufundisha. Elimu ilianza kuzaa matunda pale iliposhuka hadi kwenye ukingo wa mto, ikasemwa kwa lugha ya mtu mwenye bidoni mkononi.

Tuanze na mahali penyewe. Mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, umebanwa kati ya ziwa na Milima ya Mitumba. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya nyumba milima inapanda haraka hadi kupita mita 3,000. Mito inayokatiza mji, kama Kavimvira, Mulongwe na Kalimabenge, ni mifupi na yenye mteremko mkali. Kiangazi mtu huvuka baadhi yake kwa kukanyaga mawe, na mvua ikinyesha milimani mito hiyohiyo hubingirisha miamba. Kwa mkazi wa mitaa ya Kimanga, Kakombe au Kalundu, mto ni jirani wa kila siku. Hapo nguo hufuliwa, pikipiki na magari huoshwa, mchanga na kokoto huchimbwa kwa ajili ya ujenzi, na pale ambapo hakuna jalala la karibu, takataka za nyumbani na za sokoni huishia hapohapo.

Kinachotupwa mtoni asubuhi kinaweza kuwa ziwani kabla ya jua kuzama. Na ziwa hili si la kubeba kila kitu. Kina chake kinafika mita 1,470, na ni Baikal ya Urusi pekee inayolizidi duniani. Mto mkubwa unaotoka ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, mamia ya kilomita kusini mwa Uvira. Maji mengi ya Tanganyika huondoka kwa kugeuka mvuke, na mvuke hauchukui udongo, mafuta wala plastiki. Uchafu ukishaingia, unakaa. Tena wingi wa samaki wa ukingoni huishi kwenye maji ya juu yenye hewa, kwa kuwa upande wa kaskazini, ukishuka mita 100 hivi, oksijeni huwa imekwisha. Kwa hiyo ukanda mwembamba wa maji karibu na nchi kavu, ambapo mito humwaga mizigo yake, ndio huohuo ambamo samaki waishio kati ya mawe huzaliana na watoto huogelea.

Wataalamu walilitambua hilo mapema. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Ubelgiji ilianzisha taasisi ya utafiti wa sayansi ya Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama IRSAC, na taasisi hiyo ikafungua kituo cha kuchunguza maji Uvira. Miongoni mwa waliofanya kazi hapo alikuwa Mbelgiji Georges Marlier. Yeye aligeukia mito midogo ya milimani. Alipima uwezo wa maji kupitisha umeme, kipimo kinachoonyesha ni chumvi kiasi gani zimeyeyuka ndani yake, na mwaka 1951 akaanza kuchapisha matokeo yake katika jarida la Hydrobiologia.

Marlier pia aliinua mawe. Chini ya jiwe la mtoni, ukiligeuza taratibu, utaona vijifuko vidogo vilivyogandamana nalo, vingine vifupi kuliko kucha ya kidole. Ukitazama kwa makini utagundua kwamba kila kijifuko kimejengwa kwa chembe za mchanga, vijiti na vipande vya majani, vimeunganishwa kwa nyuzi laini. Ndani yake kuna buu la mdudu ambaye baadaye ataota mabawa na kuruka. Mengi ya mabuu ya jamii hii hayavumilii maji machafu. Yanahitaji maji yenye hewa na mawe ambayo hayajafunikwa na tope. Yanapotoweka, mto umekwisha kutoa taarifa kwamba unaugua, hata kama maji yanaonekana bado meupe. Marlier aliwachunguza wadudu hao katika mito ya eneo hili zaidi ya miaka 70 iliyopita. Maandishi yake yalikuwa ya Kifaransa, yaliwalenga wanasayansi wenzake, na yakahifadhiwa kwenye maktaba. Mama aliyekuwa akifua mtoni chini ya mlima ambako Marlier aliinua mawe yake hakuwa na njia ya kuyapata.

Baada ya uhuru wa 1960 kituo kilibadilisha majina na wakubwa, kikawa Kituo cha Utafiti wa Hidrobiolojia, CRH, na wanasayansi Wakongomani wakakiendesha hata katika miaka ambayo mishahara ilikuwa haionekani. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970 watafiti wa Kijapani walifanya kazi nao. Kutokana na utafiti wa ziwa hili, mwaka 1993 Michio Hori alichapisha katika jarida la Science habari za samaki wanaokula magamba ya wenzao, ambao vinywa vyao vimepinda, wengine kulia na wengine kushoto. Ziwa likapata sifa duniani. Mito ya mjini haikupata msomaji.

Elimu ya usafi iliyowafikia wananchi katika miaka hiyo ilikuja zaidi kwa sura ya amri. Wakati wa ukoloni maafisa wa afya walikagua vyoo na mazingira ya nyumba, na asiyetii aliadhibiwa. Miaka ya 1970 serikali ya Rais Mobutu ilihimiza salongo, kazi ya pamoja ya kufagia, kufyeka na kuzibua mifereji. Salongo ina jambo jema ndani yake, maana mji hauwezi kusafishwa na mtu mmoja mmoja, na hadi leo viongozi wa miji ya Kongo huiitisha. Lakini salongo huondoa takataka za jana. Haimwelezi mtu kwa nini asitupe za kesho, na mara nyingi kinachofagiliwa barabarani husukumwa hadi mtoni, kwa sababu hakuna mahali pengine pa kukipeleka.

Kilichobadilisha uzito wa jambo hili ni kipindupindu. Wimbi la saba la ugonjwa huo duniani lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na mwishoni mwa miaka ya 1970 likaingia mashariki mwa Kongo, iliyoitwa Zaire wakati ule, kupitia pwani za Tanganyika. Tangu hapo halijaondoka kabisa. Miji ya kando ya maziwa, Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma, imekuwa ikiupata ugonjwa huu mara kwa mara, na mtafiti Mkongomani Didier Bompangue na wenzake walionyesha mwaka 2008 jinsi milipuko ya mashariki ilivyofungamana na maeneo ya maziwa.

Kisha vikaja vita. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi alipouawa Oktoba 1993, watu walivuka mpaka kuelekea Uvira. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wengine wengi wakafuata, na kufikia 1996 kambi za eneo hili zilikuwa na wakimbizi zaidi ya 200,000. Huko Goma, Julai 1994, kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yaliua makumi ya maelfu ya watu ndani ya wiki chache. Vita vya 1996 na vya 1998 vikawaondoa watu milimani na kuwaleta mjini, na mji ukakua kwa kasi kuliko mifereji, vyoo na mabomba yake. Nyumba zikasogea hadi kingo za mito. Mashamba ya mihogo yakapanda kwenye miteremko ambayo mwanzoni ilikuwa na miti.

Uchafu wa mto, basi, ukawa na sura mbili. Ya kwanza ni kinyesi, takataka na mafuta kutoka mjini. Ya pili ni udongo kutoka mlimani, ambao watu wengi hawauhesabu kama uchafu. Mwaka 1993 mtafiti Andrew Cohen na wenzake walichapisha utafiti uliolinganisha sehemu za pwani ya Tanganyika zilizo chini ya milima yenye misitu na zile zilizo chini ya milima iliyofyekwa. Walihesabu viumbe wadogo wenye magamba mawili waishio chini ya maji, na wakakuta kwamba mahali palipopokea udongo mwingi aina za viumbe hao zilikuwa zimepungua kwa kati ya 40% na 62%. Udongo huziba nafasi kati ya mawe, hufunika chakula cha samaki na huzuia mwanga. Mkulima aliye juu ya Uvira anapopoteza rutuba ya shamba lake, mvuvi aliye chini hupoteza mazalia ya samaki wake, na wote wawili hupata hasara kutokana na mvua ileile.

Utafiti wa namna hiyo ulizaa mradi mkubwa. Kuanzia 1995 hadi 2000, Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia zilishirikiana katika mradi wa kulinda viumbe wa Tanganyika dhidi ya uchafuzi, kwa fedha za Mfuko wa Mazingira Duniani. Mradi huo ulikuwa na sehemu ya mafunzo na elimu kwa wananchi, na ulifanya kazi katikati ya vita. Matunda yake makubwa yalikuwa mkataba uliotiwa saini Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003, uliozaa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao Bujumbura. Ni jambo la kujivunia kwamba nchi 4, nyingine zikiwa bado zinanuka baruti, zilikubaliana kuhusu maji. Hata hivyo mkataba hutembea kwa magari ya wizara, na mto wa mtaani unahitaji mtu atembeaye kwa miguu.

Watu hao walikuwepo tayari. Ni wale wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu na wahamasishaji wa afya wa mitaa, wanaojulikana Kongo nzima kama rekó. Huitwa kazini pale kipindupindu kinapolipuka, nao huenda kusimama pale watu wanapochota maji, ziwani au mtoni, tangu alfajiri. Mama anapanda kutoka majini na bidoni ya lita 20. Mhamasishaji anavuta dawa ya klorini kwa bomba la sindano lisilo na sindano, anaipima kwa macho kwenye mistari, anaimimina ndani ya bidoni, anaitikisa. Kisha anasema: ngoja nusu saa ndipo unywe. Hapo ndipo mazungumzo huanza. Kwa nini nusu saa? Kwa nini maji yakiwa na tope dawa haitoshi? Nani anajisaidia kule juu? Mbona mnatia dawa kwenye bidoni na hamtii mtoni? Maswali ya mama huyo ni mazuri kuliko hotuba yoyote, na anayejibu ni mtu wa mtaa wake, kwa Kiswahili chao, huku mto wenyewe ukipita mbele yao kama ubao wa darasa.

Mashuleni nako programu ya taifa ya shule na vijiji safi, iliyoendeshwa na serikali pamoja na UNICEF tangu miaka ya 2000, ilitumia njia kama hiyo. Jamii ilikaa yenyewe, ikachora ramani ya vyoo, visima na majalala yake, ikajipangia kazi, na watoto wakapeleka nyumbani somo la kunawa mikono. Mpango huo ulilenga zaidi vijijini, lakini fundisho lake linafaa mjini pia: watu hulinda kile walichokichora kwa mikono yao wenyewe.

Je, kumwelimisha mtu kunatosha? Uvira ilitoa jibu lililosomwa dunia nzima. Mji hupata maji ya bomba kutoka mtambo wa REGIDESO, shirika la taifa la maji, unaosafisha maji ya mto Mulongwe, na umeme ukikatika pampu husimama. Mtafiti Aurélie Jeandron na wenzake walichukua rekodi za mtambo huo na za wagonjwa waliolazwa kwenye kituo cha kipindupindu cha Uvira kati ya 2009 na 2014, wakazilinganisha siku kwa siku. Utafiti wao, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, idadi ya walioshukiwa kuwa na kipindupindu iliongezeka kwa 155% katika siku 12 zilizofuata. Karibu robo ya wagonjwa wote walihusishwa na upungufu wa maji ya bomba. Watu hawakuwa wamesahau walichofundishwa. Robine ilikauka, wakarudi mtoni na ziwani kwa sababu hapakuwa na kwingine.

Mwaka 1854 John Snow aliwaonyesha watu wa London kwamba kipindupindu kilitoka kwenye pampu ya mtaa wa Broad. Uvira imeonyesha upande wa pili: bomba linapofanya kazi, elimu ina mguu wa kusimamia. Tangu wakati huo mji ulipata mpango mkubwa wa kupanua mabomba na matangi, kwa msaada wa Ufaransa, Umoja wa Ulaya na Wakfu wa Veolia, huku watafiti wakifuatilia matokeo. Mwaka 2020 kulikuwa pia na chanjo ya kipindupindu ya kumeza, na uchunguzi uliofuata uliona kwamba hata dozi moja ilipunguza uwezekano wa kuugua kwa takriban nusu, miezi 12 hadi 17 baada ya chanjo.

Lakini mwaka huohuo mlima ulikumbusha kwamba haukushirikishwa. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha juu ya Uvira. Mulongwe na mito mingine ilifurika, ikashuka na miamba na miti, ikaua makumi ya watu, ikabomoa maelfu ya nyumba na kuharibu mtambo wa maji ambao mji uliutegemea. Siku iliyofuata walionusurika walichota maji kwenye matope. Mteremko usio na miti, ukingo uliojengwa nyumba na mkondo uliojaa takataka vyote vilichangia kuyafanya mafuriko kuwa maafa. Mwalimu wa mazingira anayezungumza Kimanga tu, bila kupanda kuzungumza na mkulima wa juu, anafundisha nusu ya mto.

Sheria nazo hazikukosekana. Tarehe 30 Desemba 2017 serikali ya Kongo ilitoa amri ya kupiga marufuku utengenezaji, uingizaji, uuzaji na utumiaji wa mifuko na vifungashio vya plastiki. Mifuko bado inaelea. Wakenya wana funzo linalofanana. Waziri wa Mazingira John Michuki aliufanya usafi wa mto Nairobi kuwa kazi yake kuanzia 2008, na sehemu ya mto ikapendeza kweli. Alipofariki Februari 2012, uchafu ulirudi. Mahali ambapo mabadiliko yameota mizizi ni kama mtaa wa Korogocho, Nairobi, ambapo vijana wa Komb Green waligeuza jalala la kando ya mto kuwa bustani wanayoitunza wenyewe na watoto wao hucheza humo. Nguvu ya waziri iliisha na waziri. Vijana wanaishi hapo.

Kwa hiyo historia hii inatufundisha mambo yanayotekelezeka. Mtu asiambiwe asitupe takataka mtoni kabla hajaonyeshwa pa kuzitupa na nani atazizoa. Somo la kuhara liende sambamba na robine inayotoka maji. Mkulima wa mlimani asaidiwe kupanda miti na kulima matuta, aelezwe kwamba udongo wake ni mali yake kabla haujawa uchafu wa mwenzake. Na sayansi iliyofanyika Uvira irudishwe kwa watu wa Uvira.

Hili la mwisho ndilo lililo rahisi zaidi na limechelewa zaidi. Afrika Kusini watoto wa shule hutumia njia iitwayo miniSASS: huingia mtoni na wavu, hugeuza mawe, hutambua makundi ya wadudu kwa picha, hujumlisha alama na kujua hali ya mto wao bila maabara. Wadudu wa vijifuko ambao Marlier aliwachunguza hapa ni miongoni mwa wanaohesabiwa. Mji wenye kituo cha utafiti wa maji chenye umri wa zaidi ya miaka 70 unaweza kuchapisha karatasi moja ya Kiswahili yenye michoro hiyo na kuigawa kwa kila shule ya msingi kati ya Kavimvira na Kalundu. Mwanafunzi wa Kimanga akimaliza darasa la sita awe ameinua mawe ya mto wake juu ya mji na chini ya mji, amelinganisha alichokiona, na amewaeleza wazazi wake kilichotokea kati ya sehemu hizo mbili. Gharama yake ni wavu, karatasi na asubuhi chache za mwalimu. Mtoto aliyehesabu uhai wa mto kwa mikono yake atakuwa na sababu ya kudai jalala, bomba na miti kwa viongozi wake, na viongozi watakuwa na raia wasioweza kuambiwa kwamba maji ni safi wakati si safi.